François Mitterrand: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wetu Afrika Mashariki tunalisikia jina la Mitterrand kila mwezi wa Aprili, Rwanda inapoanza kumbukumbu za mauaji ya kimbari. Wengine wamelikuta kwenye habari za Umoja wa Ulaya. Haya ndiyo maswali ambayo wasomaji huuliza zaidi kumhusu. Yapo ambayo jibu lake ni mstari mmoja, na yapo yasiyokubali kufupishwa.

Kwa kifupi, alikuwa nani?

Alikuwa Rais wa Ufaransa kuanzia tarehe 21 Mei 1981 hadi 17 Mei 1995. Ni miaka 14, na hakuna rais mwingine wa nchi hiyo aliyekaa Ikulu ya Élysée muda mrefu hivyo. Pia ndiye mwanasiasa wa kwanza wa mrengo wa kushoto kuchaguliwa na wananchi kuwa rais chini ya katiba ya Jamhuri ya Tano, ile aliyoiasisi Jenerali Charles de Gaulle mwaka 1958. Kabla ya hapo alikuwa ameshika uwaziri mara 11, akashindwa urais mara mbili, na akatangazwa kuwa amekwisha kisiasa mara nyingi zaidi ya hizo.

Alitoka familia ya kimaskini?

Hapana. Alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1916 huko Jarnac, mji mdogo wa mkoa wa Charente kusini-magharibi mwa Ufaransa. Baba yake alifanya kazi reli hadi kuwa mkuu wa stesheni, kisha akaingia kwenye biashara ya siki. Watoto walikuwa 8, Wakatoliki wa kusali kweli, na siasa za nyumbani zilikuwa za kulia. Alipofika Paris mwaka 1934 kusoma sheria na sayansi ya siasa, alikaa bwenini kwa mapadre na akajiunga na vijana wa Kanali de La Rocque, kundi la kizalendo la mrengo wa kulia. Ujamaa aliukuta ukubwani, na wapinzani wake hawakuacha kumkumbusha.

Ni kweli alifanya kazi kwenye serikali iliyoshirikiana na Wajerumani?

Ni kweli, na ni kweli pia kwamba alipigana nao. Majibu yote mawili yanatakiwa yakae pamoja.

Mwezi Juni 1940 alijeruhiwa vitani karibu na Verdun, akatekwa na kupelekwa kambi ya wafungwa Ujerumani. Alijaribu kutoroka mara mbili akakamatwa. Mara ya tatu, Desemba 1941, akafanikiwa. Akaenda Vichy, makao ya serikali ya Marshal Pétain, akapata kazi katika ofisi zilizoshughulikia wafungwa wa vita. Mwaka 1943 alivishwa nishani ya utawala huo iitwayo francisque. Wakati huohuo alikuwa anajenga mtandao wa siri wa wafungwa waliotoroka, akitumia jina la bandia la Morland. Mwishoni mwa 1943 alisafiri kwa siri hadi London, kisha Algiers, akakutana na de Gaulle. Hawakupendana tangu siku hiyo.

Kilichowaumiza Wafaransa zaidi kilikuja baadaye sana. Mwaka 1994 ilibainika wazi kwamba aliendelea kuwa na mazoea na René Bousquet, aliyekuwa mkuu wa polisi wa Vichy wakati Wayahudi walipokamatwa kwa maelfu na kupelekwa kwenye kambi za mauaji. Makada vijana wa chama chake walipigwa na butwaa. Yeye alijibu kwa utulivu wa mtu anayeulizwa kuhusu hali ya hewa.

Alihusika vipi na makoloni?

Mwaka 1947, akiwa na umri wa miaka 30, aliingia baraza la mawaziri. Mwaka 1950 akawa waziri wa maeneo ya ng'ambo, maana yake makoloni ya Afrika. Huko aliongea na Félix Houphouët-Boigny wa Côte d'Ivoire na kumsaidia kukitenga chama chake cha RDA na Wakomunisti. Walowezi walimchukia kwa hilo. Walimwona kama mtu anayeuza himaya. Lakini yeye hakuwa akitafuta uhuru wa makoloni. Alitaka kuyabakiza ndani ya Ufaransa kwa lugha laini.

Algeria ndiyo iliyomwonyesha alivyo. Vita vya ukombozi vilipoanza Novemba 1954 alikuwa waziri wa mambo ya ndani, akatamka kwamba Algeria ni Ufaransa. Miaka miwili baadaye, 1956 hadi 1957, alikuwa waziri wa sheria katika serikali ya Guy Mollet. Katika kipindi hicho wazalendo wa Algeria 45 hivi walikatwa vichwa kwa gilotini, na waziri wa sheria alikuwa mmoja wa watu waliotoa maoni kuhusu maombi ya msamaha. Fernand Iveton, mfanyakazi Mkomunisti ambaye bomu alilolitega halikuua mtu, alinyimwa msamaha na kuuawa Februari 1957. Mtu huyohuyo ndiye atakayekuja kufuta adhabu ya kifo. Tutafika huko.

Kisa cha kupigwa risasi kwenye gari lake ni kipi?

Usiku wa kuamkia tarehe 16 Oktoba 1959 gari lake aina ya Peugeot 403 lilimiminiwa risasi Paris, karibu na bustani ya Observatoire. Alisema aliruka ua wa bustani akajificha. Kwa siku chache alikuwa shujaa. Kisha akajitokeza mbunge wa zamani, Robert Pesquet, akidai kwamba yeye ndiye aliyepanga shambulio lile, na kwamba Mitterrand alijua kila kitu mapema. Mitterrand alikiri kuwa waliwahi kukutana, ila akashikilia kwamba alitegewa mtego. Seneti, ambako alikuwa mjumbe wakati huo, ilimvua kinga ya kutoshtakiwa. Kesi haikufika mwisho, ikazikwa na msamaha wa jumla.

Rafiki wengi wakamkimbia. Mtu mwingine angerudi kijijini kulima zabibu. Yeye alikaa Château-Chinon, mji mdogo wa mkoa wa Nièvre ambako alikuwa meya tangu 1959 hadi 1981, akisalimiana na wakulima sokoni na kusubiri.

Aliingiaje Ikulu baada ya kushindwa mara mbili?

Kwa subira, na kwa hesabu kali.

Mwaka 1964 alichapisha kitabu, *Le Coup d'État permanent*, akimshutumu de Gaulle kwa kutawala kama mfalme: mtu mmoja anaamua mambo ya vita na ya nje, bunge linapiga makofi. Mwaka uliofuata aligombea dhidi yake na kumlazimisha kwenda duru ya pili, jambo ambalo Jenerali hakulitarajia. Mitterrand alipata karibu asilimia 45. Alishindwa, lakini kuanzia hapo mrengo wa kushoto ulikuwa na sura moja.

Mwezi Juni 1971, kwenye mkutano mkuu wa Épinay, alijiunga na Chama cha Kisoshalisti na akatoka mkutanoni akiwa kiongozi wake. Ndiyo, yote kwa mkutano mmoja. Mwaka 1972 akasaini mpango wa pamoja na Wakomunisti, waliokuwa na nguvu kuliko chama chake. Wengi walidhani watammeza. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa na nia ya kuwapunguza polepole kwa kuwakumbatia. Mwaka 1974 Valéry Giscard d'Estaing alimshinda kwa tofauti isiyofika asilimia mbili. Tarehe 10 Mei 1981 Mitterrand akamshinda Giscard kwa asilimia 51.76, na umati ukajaa uwanja wa Bastille kucheza kwenye mvua.

Alifanya nini cha maana alipopata madaraka?

Mwaka wa kwanza ulikwenda mbio. Mshahara wa kima cha chini ulipanda, likizo ya mwaka yenye malipo ikawa wiki tano, juma la kazi likapungua hadi saa 39, umri wa kustaafu ukashushwa hadi miaka 60. Benki kubwa na makampuni ya viwanda yakataifishwa. Mikoa na miji ikapewa mamlaka yaliyokuwa yamekaliwa na Paris tangu enzi za wafalme. Redio binafsi zikaruhusiwa. Wakomunisti wanne wakapewa uwaziri, na Washington ikakunja uso.

Kama ningeambiwa nichague jambo moja, ningechagua kufutwa kwa adhabu ya kifo. Mwezi Machi 1981, katikati ya kampeni, alisema kwenye televisheni kwamba dhamiri yake inaikataa, huku akijua kura za maoni zinaonyesha Wafaransa wengi wanaitaka. Aliposhinda alimteua wakili Robert Badinter kuwa waziri wa sheria. Badinter alisimama bungeni Septemba 1981, muswada ukapita kwa kura 363 dhidi ya 117, na sheria ikatiwa saini tarehe 9 Oktoba. Je, alikuwa analipa deni la Algeria? Hakuwahi kusema hadharani, na mimi sioni kwamba tendo hili linafuta lile.

Kwa nini aligeuka mwaka 1983?

Kwa sababu hela zilikuwa zinakimbia. Serikali ilitia fedha mifukoni mwa watu wakati nchi nyingine za Magharibi zinakaza mkanda. Wafaransa wakanunua bidhaa za Ujerumani na Japani, nakisi ya biashara ikapanuka, thamani ya faranga ikashushwa mara tatu kati ya Oktoba 1981 na Machi 1983. Mitterrand alikuwa na njia mbili: kuitoa faranga kwenye mfumo wa fedha wa Ulaya na kuendelea na siasa yake peke yake, au kubaki na kubana matumizi. Alisita siku kadhaa, akiwasikiliza washauri wa pande zote mmoja mmoja bila wao kujuana wanasemaje, kisha akachagua kubaki. Waziri wa fedha Jacques Delors alishinda hoja ile.

Tangu hapo Ulaya ikachukua nafasi ya ujamaa katika hotuba zake. Wafanyakazi wa viwanda vya chuma vya Lorraine hawakumsamehe.

Kuhusu Ulaya, alama yake ni ipi?

Picha moja inajulikana duniani kote: Verdun, Septemba 1984, yeye na Kansela Helmut Kohl wa Ujerumani Magharibi wameshikana mikono mbele ya makaburi ya wanajeshi. Jambo zito zaidi ni sarafu ya pamoja. Ukuta wa Berlin ulipoanguka, Mitterrand aliiogopa Ujerumani kubwa, na alitaka kuifunga ndani ya Ulaya kwa kamba ya fedha. Mkataba wa Maastricht, ulioweka msingi wa sarafu hiyo, ulitokana na hofu hiyo kwa sehemu kubwa. Aliupeleka kwa wananchi kwa kura ya maoni Septemba 1992, ukapita kwa asilimia 51 tu.

Inawezekanaje rais wa kushoto akawa na waziri mkuu wa kulia?

Katiba inampa rais madaraka, lakini waziri mkuu lazima akubaliwe na bunge. Wasoshalisti waliposhindwa uchaguzi wa bunge mwaka 1986, Mitterrand alilazimika kumteua Jacques Chirac. Ilikuwa mara ya kwanza. Wafaransa waliita hali hiyo "kuishi pamoja", nao waliishi kama wake wenza. Mitterrand akajigeuza mzee wa taifa aliye juu ya ugomvi, vijana wakamwita Tonton, yaani Mjomba, na mwaka 1988 akamshinda Chirac kwa asilimia 54. Hali hiyo ilijirudia 1993 hadi 1995 akiwa na Édouard Balladur. Katikati hapo, mwaka 1991, alimteua Édith Cresson, mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu wa Ufaransa, ambaye hakumaliza mwaka.

Ni kweli alikuwa na nyumba ndogo?

Ndiyo, na serikali iligharimia. Alimwoa Danielle Gouze mwaka 1944, wakapata watoto watatu wa kiume, mmoja akafariki mchanga. Kwa upande mwingine alikuwa na Anne Pingeot, mtaalamu wa makumbusho, na mwaka 1974 walimpata binti, Mazarine. Alipokuwa rais, familia hii ya pili iliishi kwenye jengo la serikali pembeni mwa mto Seine, ikilindwa na askari wa Ikulu. Waandishi wa habari wengi walijua, wakanyamaza. Umma uliambiwa Novemba 1994, gazeti lilipochapisha picha ya baba na binti wakitoka mgahawani.

Ungeweza kusema hayo ni mambo ya chumbani kwake. Shida ni kwamba siri hiyo ilihitaji walinzi, na walinzi wakazoea kazi. Kati ya 1983 na 1986 kikosi maalumu cha Ikulu kilisikiliza simu za waandishi, mawakili na wasanii kinyume cha sheria, na moja ya sababu ilikuwa kuilinda siri ya Mazarine. Mahakama ya Paris iliwatia hatiani wahusika kadhaa mwaka 2005.

Na ugonjwa?

Madaktari waligundua saratani ya tezi dume, tayari imesambaa hadi mifupani, mnamo Novemba 1981. Alikuwa amekaa madarakani miezi sita. Alikuwa ameahidi taarifa za afya kila nusu mwaka, na zikatolewa kweli kwa miaka, zikisema ni mzima. Wananchi waliambiwa Septemba 1992. Kwa hiyo uchaguzi wa 1988 walimpigia mgonjwa bila kujua.

Alisema nini La Baule, na kiliibadili Afrika?

Tarehe 20 Juni 1990, kwenye mkutano wa wakuu wa Ufaransa na Afrika huko La Baule, aliwaambia marais kwamba msaada wa Ufaransa utakuwa wa moyo zaidi kwa nchi zitakazoelekea kwenye demokrasia. Hotuba hiyo inasifiwa kupita kiasi. Benin ilikuwa tayari imeshafanya mkutano wake wa kitaifa mwezi Februari, kwa shinikizo la wananchi wenyewe. Na watawala walioikaidi hotuba hawakukatiwa msaada kwa kweli.

Mabadiliko aliyokuwa ameyaahidi mwaka 1981 yalikufa mapema zaidi. Jean-Pierre Cot, waziri wa ushirikiano aliyetaka uhusiano wa kawaida na Afrika usiopita kwa marafiki na mabahasha, aliondoka Desemba 1982. Kuanzia 1986 mshauri wa mambo ya Afrika Ikulu alikuwa Jean-Christophe Mitterrand, mtoto wake wa kumzaa. Afrika nzima ikampa jina Papamadit, "baba kaniambia".

Alikuwa na jukumu gani katika mauaji ya kimbari ya Rwanda?

Hili ndilo swali tunaloulizwa zaidi, hasa na wasomaji wa Goma, Bukavu na Kigali.

Wapiganaji wa RPF, kundi la waasi lililoundwa na wakimbizi wa Kitutsi, walipovuka mpaka kutoka Uganda tarehe 1 Oktoba 1990, Rais Juvénal Habyarimana aliomba msaada Paris. Ndani ya siku chache wanajeshi wa Ufaransa walikuwa Kigali. Waliobaki hadi Desemba 1993 walifundisha jeshi la Rwanda na kulishauri, na silaha ziliendelea kuingia. Mitterrand aliuona mgogoro huo kama uvamizi wa watu wa Uganda wanaoongea Kiingereza ndani ya eneo la Kifaransa, na Wahutu kama wengi wenye haki ya kutawala. Tahadhari kuhusu mauaji ya Watutsi zilimfikia, zikiwemo za maofisa wa Ufaransa wenyewe. Hazikubadilisha mwelekeo.

Mkataba wa Arusha, wa amani kati ya serikali ya Rwanda na RPF, ulisainiwa tarehe 4 Agosti 1993. Tarehe 6 Aprili 1994 Habyarimana alikuwa anarudi kutoka mkutano wa Dar es Salaam, pamoja na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, ndege yao ilipotunguliwa Kigali. Ndege hiyo ilikuwa zawadi ya Ufaransa, na marubani wake walikuwa Wafaransa. Mauaji yaliyofuata dhidi ya Watutsi yaliendelea kwa takriban siku 100.

Tarehe 22 Juni Ufaransa, kwa idhini ya Umoja wa Mataifa, ilianza Operesheni Turquoise ikitumia viwanja vya ndege vya Goma na Bukavu. Iliokoa watu, hilo waathirika wenyewe wanalishuhudia. Pia eneo lake la ulinzi kusini-magharibi mwa Rwanda likawa mlango wa wauaji kukimbilia Zaire bila kukamatwa, na Kivu inaendelea kulipa gharama hadi leo. Kwenye milima ya Bisesero askari wa Ufaransa waliwakuta Watutsi waliojificha tarehe 27 Juni, wakaondoka, wakarudi siku tatu baadaye. Katika siku hizo tatu mamia waliuawa. Novemba mwaka huohuo, kwenye mkutano wa Biarritz, Mobutu alikaribishwa na serikali mpya ya Rwanda haikualikwa.

Mwezi Machi 2021 tume ya wanahistoria iliyoongozwa na Vincent Duclert ilitoa ripoti baada ya kusoma nyaraka za serikali. Ilisema Ufaransa ina wajibu mzito na mkubwa mno, lakini haikupata ushahidi kwamba ilishiriki nia ya kuangamiza. Ripoti ilionyesha jinsi maamuzi yalivyopitia kwa maofisa wachache wa kijeshi wa Ikulu, yakizikwepa wizara na njia za kawaida. Mei 2021 Rais Emmanuel Macron alikwenda Gisozi, kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari mjini Kigali, akakiri wajibu huo bila kuomba radhi rasmi. Waliokuwa karibu na Mitterrand, akiwemo Hubert Védrine, aliyekuwa katibu mkuu wa Ikulu, bado wanamtetea.

Maoni yangu ni haya. Ukisoma ripoti ile kisha ukarudi kwenye kitabu cha 1964, utakuta aliyeandika kwamba mambo ya vita yasiachwe mikononi mwa mtu mmoja alikuja kuwa mtu huyo mmoja. Tabia ya kutenganisha watu kwenye vyumba, ya kumwambia kila mmoja nusu ya jambo, ilimpandisha hadi kileleni na kumfichia familia na ugonjwa. Ilipofika Rwanda hapakuwa na mtu chumbani wa kumwambia hapana na akasikilizwa.

Nikienda Paris, nitaona nini chake?

Piramidi ya kioo ya Louvre iliyosanifiwa na I. M. Pei, ambayo ilichekwa sana ikijengwa na sasa watalii wanapanga foleni kuipiga picha. Opera ya Bastille. Tao kubwa la La Défense. Na maktaba ya taifa yenye minara minne inayofanana na vitabu vilivyofunguliwa, ambayo inaitwa kwa jina lake. Wafalme wa zamani walijenga pia.

Alifariki lini?

Tarehe 8 Januari 1996, Paris, miezi minane hivi baada ya kukabidhi madaraka kwa Chirac. Alizikwa Jarnac. Danielle na wanawe, pamoja na Anne na Mazarine, walisimama pamoja kwenye mazishi, na nchi nzima ikatazama kwenye televisheni.

Je, rais mwingine anaweza kutawala miaka 14 mfululizo?

Hapana. Kura ya maoni ya mwaka 2000 ilipunguza muhula wa urais kutoka miaka saba hadi mitano, na marekebisho ya katiba ya 2008 yakaweka kikomo cha mihula miwili mfululizo. Chama chake kimempata rais mmoja tu tangu hapo, François Hollande, aliyechaguliwa 2012 na kuamua kutogombea tena. Mwaka 2022 mgombea wa Wasoshalisti, Anne Hidalgo, alipata chini ya asilimia mbili.